Utamaduni wa Usalama Kazini: Istilahi na Maana Yake

Istilahi hii ya "utamaduni wa usalama" haikuzaliwa migodini wala viwandani, ambako watu wameumia tangu zamani, bali katika ripoti ya washauri wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, walioketi mwaka 1986 kutafakari mlipuko wa kinu cha nyuklia cha Chernobyl. Nao walipokwisha kupima mitambo na hesabu zake, waliona kuwa kasoro za vyuma pekee hazitoshi kueleza msiba ule, na ya kwamba imepasa litafutwe jina la kile kilichopungua katika nia na mwenendo wa watu waliokabidhiwa kinu. Mwaka 1991 wakatoa kijitabu kizima cha kuifafanua: ni jumla ya sifa na mielekeo, ya taasisi na ya mtu mmoja mmoja, inayolipa jambo la usalama haki yake kwa kadiri ya uzito wake, mbele ya jambo lingine lolote.

Wafasiri wetu walichagua neno utamaduni, na wapo wanaonung'unika kwamba linamkumbusha msomaji ngoma na mavazi kuliko buti na kofia ngumu. Lakini lingewekwa lipi badala yake? Desturi ni neno jema, ila yaweza kufuatwa na mtu asiyejua sababu yake. Na mazoea ni baya zaidi, kwani katika ofisi na karakana zetu "kufanya kazi kwa mazoea" ni lawama, tena lawama ya haki, maana fundi aliyepanda majukwaa ya mirunda miaka mingi bila ya kuanguka ndiye aghalabu asiyezitazama kamba zake. Utamaduni una fadhila ya kurithishwa: kijana aliyeajiriwa jana huwatazama wakubwa wake, na akimwona nyapara anapita kichwa wazi chini ya mzigo unaoning'inia, matangazo yote ya ukutani huwa ni wino uliopotea bure.

Neno lenye taklifu kubwa zaidi ni ajali. Katika Kiarabu, tulikolitoa, maana yake ni muda uliowekwa, hasa kikomo cha uhai. Na wahenga waliposema ajali haina kinga walinena juu ya mauti, wala hapana wa kuwabishia. Neno lilipohamia kwenye magurudumu na mashine, methali ikalifuata huko, ikawa kinga ya mwenye kiwanda: mkono wa mtu ukisagwa na mtambo usio na kifuniko, husemwa ni ajali, na shauri limekwisha.

Tazama yaliyotokea tarehe 6 Julai 1988 katika Piper Alpha, jukwaa la mafuta la Bahari ya Kaskazini. Vali ya usalama ya pampu moja kati ya mbili ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo, na mdomo wa bomba ukazibwa kwa bamba la chuma. Kazi haikwisha siku ile. Hati ya kukataza pampu isiwashwe ikaachwa katika chumba cha kuongozea mitambo, bila ya neno la mdomo kupita baina ya zamu ya mchana na ya usiku. Pampu ya pili ilipozimika, wa zamu ya usiku waliiona hati nyingine ya pampu ile ya kwanza, ya kazi ambayo haijaanza, wala hawakuiona ile ya vali, wakaiwasha. Yapata saa nne za usiku gesi iliyovuja ikalipuka, na watu 167 wakafa. Hati zilikuwapo, saini zilikuwapo, kanuni zilikuwapo. Iliyokosekana ni tabia ya mtu kutoondoka mpaka amesema na anayempokea, na awe na hakika kwamba amesikiwa.

Manufaa ya utamaduni huu, basi, hutokana zaidi na habari kupanda juu kwa wepesi kuliko na vifaa vya kujikinga, ingawa navyo ni lazima. Paul O'Neill, aliposhika uongozi wa kampuni ya aluminiamu ya Alcoa huko Marekani mwaka 1987, aliwashangaza wenye hisa kwa kuanza na usalama wa wafanyakazi kabla ya faida. Na katika miaka yake majeruhi walipungua sana na faida ikapanda, kwa kuwa ili kujua kwa nini mtu ameungua ilibidi kujua kwa nini mtambo unakwenda kombo, na mtambo ulionyoka huzalisha zaidi.

Kwetu sheria hazikukosekana: Tanzania ina ya mwaka 2003, Kenya ina ya 2007, nayo hutaka kila mahali penye wafanyakazi ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Ningependa kamati hizo zitwae neno moja tulilo nalo tayari, nusura, ziwe na daftari la nusura kando ya daftari la ajali: mle aandikwe saidia fundi aliyehisi mrunda unacheza chini ya mguu wake, akaweka karai la zege chini, akaita, na iandikwe pia nani aliyepanda kwenda kuutazama, na saa ngapi.