Mbao Iliyofichwa Ndani ya Kokwa

Kokwa la mukau ni gumu kama jiwe. Kulifungua ni kazi ya mikono: hulazwa juu ya kigogo, kisu kikawekwa juu yake na kugongwa mpaka lipasuke. Mbegu hutolewa, ncha yake ikakatwa kidogo, ikalowekwa usiku kucha, na kesho yake ganda lake jembamba likachanwa kwa wembe. Wembe ukizama kupita kiasi, mche umepotea.

Ugumu huo umeamua historia ya mbao Ukambani.

Kuanzia Tawa, upande wa Mbooni, hadi nyika ya Kitui ng'ambo ya Mto Athi, mukau ni mti wa nyumbani. Gogo lake lilichongwa mzinga wa nyuki. Mbao zake nyekundu za kiini, ambazo mchwa hawazili kwa urahisi, zikawa milango, madirisha na vitanda. Kiangazi kilipouma, majani yake yalilisha mbuzi, na mbuzi nao walilipa: walikula matunda, na wakulima wakaokota kokwa bomani. Wanasayansi waliuita Melia volkensii, kwa heshima ya Georg Volkens, Mjerumani aliyechunguza mimea Kilimanjaro miaka ya 1890. Wakamba walikuwa na jina lao tayari.

Mti uliojiotea wenyewe ulikatwa bila kurudishwa. Kitalu cha kawaida hakikuweza kuuotesha kwa wingi, na hapo ndipo ilipoanza kazi ndefu ya watafiti. Shirika la Japani la JICA liliingia Kitui katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1986 ikaundwa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu nchini Kenya. Mwaka 2012 pande hizo mbili zilianza mradi wa kuboresha miti inayostahimili ukame. Mikau iliyonyooka na kukua haraka ilitafutwa nyikani, vikonyo vyake vikapandikizwa juu ya miche, yakaanzishwa mashamba ya mbegu Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni. Ni mojawapo ya kazi zenye manufaa makubwa zilizofanyiwa ardhi hii kavu, na haijasifiwa vya kutosha.

Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, mti wa shambani ulizidi kuwa na thamani. Swali likahama kutoka kitaluni hadi kwenye msumeno: gogo likatwe vipi?

Hapa mwaloni mweupe wa Marekani una la kufundisha. Mwanzoni mwa karne ya 20, Gustav Stickley wa jimbo la New York alijenga jina kwa viti na meza za mwaloni uliopasuliwa robo robo: gogo hugawanywa mara nne, kisha kila robo hukatwa kuelekea kiini, pete za miaka zikisimama wima katika unene wa ubao. Mbao hunywea karibu mara mbili zaidi kuufuata mzunguko wa pete kuliko kutoka kiini kwenda nje. Ndiyo maana ubao uliokatwa hivyo hutulia, na ule wa pembeni hujikunja kama ganda.

Mwaloni hutoa pia mabaka yanayong'aa, kwa kuwa miale yake, ile mistari inayotoka kiini kwenda nje, ni mipana. Mukau hauna miale ya namna hiyo, na gogo lake la shambani mara nyingi ni jembamba mno kugawanywa robo. Mnyororo wa pawaso nao hula karibu sentimita moja kila unapopita. Kukata robo robo kungemwachia fundi unga mwingi na mbao chache.

Lakini hata gogo la sentimita 30 lina mbao mbili tatu zinazopita karibu na kiini, na hizo zina pete zilizosimama. Hizo ziwekwe kando kwa uso wa meza na milango, moyo laini wa katikati ukiondolewa. Za pembeni zitoshe fremu na miguu. Kazi hiyo huanza kabla pawaso haijawashwa, kwa chaki, kwenye uso wa gogo.