Nyumba Yangu, Kiwanja Chako: Mwezi Mmoja Ng'ambo ya Unguja

Mgeni akishuka bandarini Malindi, njia yenyewe humpeleka Mji Mkongwe. Huko ndiko kwenye milango ya nakshi, Ngome Kongwe na Beit el Ajaib, na vijana wa kumtembeza ambao historia wameshaipanga, kituo baada ya kituo, na bei yake. Mimi nilikwenda kukaa mwezi mzima, na chumba nilichokimudu kilikuwa upande wa pili wa Darajani, uchochoroni nyuma ya majumba ya Michenzani. Jamaa zangu wa Tanga waliposikia walinihurumia. Ng'ambo, walisema, hakuna cha kuona.

Sifa hiyo Ng'ambo imeibeba zaidi ya karne: pahala pa kulala watu, si pahala penye historia. UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, Ng'ambo ilibaki nje. Sibishani na uzuri wa milango. Ila anayetaka kujua mji huu uligombaniwa vipi, nani alimdai nani na kwa haki gani, Mji Mkongwe utamwonyesha nyumba za waliodai tu. Waliodaiwa walikaa huku.

Barabara inayotenga pande hizi mbili ilikuwa bahari. Maji yaliingilia Funguni, kaskazini, yakazunguka nyuma ya mji kuelekea Mnazi Mmoja. Yakijaa, mji wa mawe ulikaribia kuwa kisiwa. Yakitoka, palibaki tope, taka na mbu. Watu walivuka kwa daraja, na kando ya daraja hilo Waingereza wakajenga soko mwaka 1904, lile lile la paa jekundu ambalo bado linauza samaki, viungo na kelele. Katika karne ya 20 maji yale yakafukiwa kipande kwa kipande, hadi miaka ya 1950 pakawa nchi kavu. Leo barabara ina jina la Rais Benjamin Mkapa, lakini mwambie utingo wa daladala akushushe Benjamin Mkapa, uone atakavyokutazama.

Maofisa wa kikoloni waliyapenda sana maji yale. Yaliwapa mpaka uliokwisha chorwa: mawe kwa Mwarabu, Mhindi na Mzungu, udongo kwa Mwafrika. Mambo hayakuwa safi kiasi hicho. Katika karne ya 19 vibanda vya makuti vilikuwepo ndani ya mji wa mawe wenyewe, na Ng'ambo walikaa Washihiri, Wangazija na Wahindi wenye vijiduka pamoja na watu wa mrima na wa bara. Lakini ukishaandika mpaka katika ramani, fedha za mifereji, taa na barabara huufuata mpaka huo. Ng'ambo ilitozwa kodi za serikali kama wengine, na huduma zikaishia Darajani.

Mwenye nyumba wangu, bibi mmoja aliyekuwa akiuza mkate wa kumimina jioni, ndiye aliyenifungua macho, wala hakukusudia. Nilimuuliza nyumba ni ya nani. Akasema ya kwao, ya tangu bibi yake. Na kiwanja? Akacheka. "Kiwanja, mwanangu, enzi hizo kilikuwa cha watu." Jioni nyingi zilizofuata nilikuwa nikiuliza swali hilo hilo katika kila kibaraza nilichokaribishwa, na kila mzee alikuwa na jawabu lake, lakini kiini chake hakikubadilika.

Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe kuudai. Wengi walioupata waliacha mashamba ya karafuu na minazi wakaja mjini kutafuta kazi za bandarini, upagazi, ufundi, biashara ndogo ndogo. Waliishia Ng'ambo, na Ng'ambo wakati huo ilikuwa bado nusu shamba. Ardhi ilikuwa ya matajiri, na sehemu kubwa iliwekwa wakfu. Tajiri alimwachia mtu kiwanja ajenge. Mtu akasimamisha boriti, akafunga fito, akakandika udongo, akaezeka makuti. Nyumba ikawa mali yake kabisa: aliweza kuiuza, kuirithisha, kuipangisha vyumba. Kiwanja kikabaki cha tajiri, na mara nyingi minazi iliyosimama juu yake pia.

Kwa macho ya leo mpango huo ni kitanzi. Wakati ule haukuonekana hivyo, maana tajiri hakuhitaji sana pesa ya kiwanja. Alihitaji watu: wa kumwitikia, wa kujaza harusi na maziko yake, wa kusimama nyuma yake penye shauri. Mpangaji naye, aliyetoka utumwani jana, alipata mtu wa kumkimbilia. Ulikuwa udugu wa mkubwa na mdogo, wenye heshima na dharau ndani yake kwa pamoja.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia udugu huo ukapata bei. Mji ulikua, viwanja vikawa adimu, wenye ardhi wapya, wengi wao wafanyabiashara, wakavitazama kama bidhaa nyingine yoyote. Kodi ya kiwanja ikapanda katika miaka ya 1920, na asiyelipa alifikishwa mahakamani, pengine nyumba yake ikauzwa kufidia deni. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma. Walikataa kulipa kodi ya ardhi, si mtu mmoja mmoja bali mitaa kwa mitaa, na mgomo ukaendelea mpaka mwaka uliofuata. Wanawake walikuwa mstari wa mbele, jambo lisiloshangaza ukikumbuka kwamba wanawake wengi walikuwa wenye nyumba Ng'ambo. Nyumba ya vyumba sita ilikuwa ndiyo pensheni ya mama asiye na mume. Waliokamatwa, wenzao walikwenda kuwatoa kwa nguvu. Hoja yao ilikuwa nyepesi na kali: ardhi ni ya Mungu, mtu hulipwa kwa alichokijenga. Serikali, iliyokuwa imezoea kusikia malalamiko kutoka upande wa mawe tu, ililazimika kuweka sheria ya kudhibiti kodi hizo.

Nashangaa kwamba mgomo huu hausimuliwi kwa watalii hata kwa bahati mbaya. Miaka 36 kabla ya Mapinduzi, watu waliokuwa hawana kura wala chama waliikalisha serikali ya kikoloni mezani, na hakuna hata kibao cha bati kinachousema.

Mwaka huo huo wa 1928 mwanamke mmoja wa Ng'ambo alipanda meli kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akauza vyungu, akaja mjini, na akiwa na kina Subeit bin Ambar, Maalim Shaaban, Mbaruk Talsam na Budda bin Mwendo akaitoa taarabu katika Kiarabu cha ikulu akaitia Kiswahili cha uchochoroni. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, kwa hiyo wengi tumemsoma skuli kama kielelezo cha juhudi na adabu. Nyimbo zenyewe zina meno zaidi ya hapo. Siti aliimba kesi za mahakamani, aliimba mauaji, kama katika wimbo wa Kijiti, aliimba walioonewa na waliokula rushwa. Hadhira yake ya kwanza ilikuwa watu hawa hawa waliojua kwa majina yao mahakimu na wenye viwanja. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, naye alikuwa na chumba chake Raha Leo. Ukiniuliza wapi pajengwe makumbusho ya muziki wa Unguja, sitanyoosha kidole upande wa bahari.

Nyumba za zama zile zimebaki nyingi kuliko nilivyotarajia, ila zimebadili nguo. Makuti yaliondoka, yakaja madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa, kisha mabati. Udongo umepigwa plasta, na siku hizi matofali yanachukua nafasi yake ukuta baada ya ukuta, familia ikiwa humo humo ndani. Umbo limebaki: kibaraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma penye jiko na choo. Nyumba ya namna hii inataka ardhi kidogo na majirani wengi. Nililala chumba cha mbele, na kabla jua halijatoka nilikuwa nimeshajua nani kaamka na homa na nani hajarudi.

Kutoka hapo hadi Raha Leo ni mwendo mfupi. Waingereza, baada ya Vita vya Pili, waliamua kuifanyia Ng'ambo hisani: ukumbi wa jamii, pahala pa mikutano, sinema na mafunzo. Redio ya Sauti ya Unguja nayo ikawa hapo. Walijenga kituo cha kuwatuliza watu, na alfajiri ya Januari 12, 1964 wanamapinduzi wakakifanya makao yao. Ni kwa redio hiyo sauti ya John Okello, mtu wa Uganda ambaye wengi kisiwani hawakuwa wakimjua, ilitangaza kwamba serikali ya Sultani imeanguka. Katika siku zilizofuata watu wengi waliuawa, Waarabu hasa, na wengine walikusanywa hapo hapo Raha Leo kabla ya kuhamishwa. Vibarazani mazungumzo yakifika hapo hupungua kasi. Mtu hutazama nani amekaa, ndipo aendelee au aagize kahawa nyingine.

Machi 1964 Rais Abeid Amani Karume alitangaza kwamba ardhi yote ni ya serikali. Kwa mtu wa Bara tangazo hilo ni habari ya mashamba, ya eka tatu tatu walizogawiwa wakulima. Kwa Ng'ambo lilikuwa jambo jingine: yule mwenye kiwanja, aliyegomewa mwaka 1928 na akaendelea kudai, alitoweka kisheria kwa mara moja. Mwenye nyumba wangu alikuwa mtoto. Anachokumbuka ni kwamba bibi yake, siku ilipofika ya kulipa, alikaa kibarazani na pesa yake mkononi hadi magharibi, asije mtu.

Kisha wakaja Wajerumani. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo nje ya kambi ya kijamaa kuitambua Ujerumani Mashariki, nayo ikalipa wema huo kwa nyumba, kwanza maghorofa ya Kikwajuni. Mwaka 1968 mpangamiji wao, Hubert Scholz, alitoa ramani mpya ya mji. Karume aliipokea akaitia ukubwa wake: barabara mbili pana zikatizane Michenzani, na kando yake majumba marefu, mengine karibu mita 300. Ng'ambo ya udongo ibomolewe yote, watu wapande juu. Vijana walijitolea, wafungwa walifanya kazi, wananchi walibeba mawe. Aprili 7, 1972 Karume aliuawa Kisiwandui, makao makuu ya chama chake cha ASP, jirani na ujenzi wenyewe. Chini ya Aboud Jumbe, aliyemrithi, kazi iliendelea hadi majumba kumi yakasimama, yenye namba tu badala ya majina, na hapo ikakoma.

Wasomi wa mipangomiji huyatukana majumba haya. Ni kweli kwamba ni ya saruji isiyo na huruma, na ngazi zake za kupandia na ndoo ya maji zimewaumiza wazee. Lakini nilipokuwa nikipita Jumba namba hili na lile nilimkumbuka yule bibi na pesa mkononi. Waliovunjiwa vibanda walipewa fleti bila kodi, na umeme na choo cha ndani, katika mji ambao wazazi wao walidaiwa hata mahali pa kusimamishia boriti. Ubaya wa jengo haufuti hilo. Linalonikera mimi ni jingine: kwamba mitaa ya watu ilifyekwa kwa mstari wa rula, na hakuna aliyeulizwa.

Na bado mitaa ilishinda. Kwa kuwa majumba yaliishia kumi, nyuma ya kila ukuta mrefu wa saruji Ng'ambo ya zamani inaendelea kama kawaida. Hata mbele ya majumba watu wamerudisha vibaraza: mafundi cherehani, vinyozi, wauza urojo, vijana wa bao na karata. Maskani ya Kisonge ikawa na ubao wake wa siasa ambao mji mzima uliusoma, wengine kwa kucheka, wengine kwa hasira. Sasa mnara wa miaka 50 ya Mapinduzi umesimama kwenye mzunguko wa Michenzani, jengo la biashara la kisasa limeota pembeni, na wapangamiji wa leo, kwa mpango wa "Ng'ambo Tuitakayo", wanazungumzia tena kitovu kipya cha mji. Tofauti yao na wa 1968 ni kwamba hawa wamekwenda kuwauliza wakazi, na kuchora ramani ya visima, misikiti, miti na maskani kabla ya kuchora barabara.

Bei, hata hivyo, haingoji ramani. Fleti za chini za majumba zimekuwa maduka, na kipande cha ardhi mbele ya mlango sasa kina thamani kuliko vyumba viwili vya ghorofa ya juu. Wiki yangu ya mwisho palikuwa na kesi. Mkazi wa chini alikuwa amejenga kibanda cha simu nje ya dirisha lake. Jirani wa juu akadai hapo ndipo mama yake alipokuwa akianika nazi na nguo tangu jumba lilipofunguliwa. Sheha aliitwa. Akasikiliza, akauliza karatasi. Mmoja alikuwa na karatasi ya fleti, mwingine alikuwa na karatasi ya kibanda. Ya ardhi hakuwa nayo mtu. Sheha akaomba kiti, akaagiza chai, akasema wamwite na yule mzee wa namba tano, maana yeye alibeba mawe wakati jumba linajengwa na anajua palikuwa pa nani kabla.