Maana na umuhimu wa maendeleo endelevu: Funzo la mikoko ya Gazi

MAENDELEO endelevu ni istilahi inayotajwa kila uchao katika mikutano ya viongozi, vitabu vya shule na taarifa za serikali. Hata hivyo, wengi wanaoisikia hudhani kuwa ni jina jingine la upandaji miti. Maana yake ni pana kuliko hiyo.

Maana

Fasili inayotumiwa zaidi ilitolewa mwaka 1987 na Tume ya Dunia kuhusu Mazingira na Maendeleo, iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, Waziri Mkuu wa Norway wakati huo. Kwa mujibu wa tume hiyo, maendeleo endelevu ni yale yanayotosheleza haja za walio hai leo pasipo kuwafungia njia watakaozaliwa kesho.

Fasili hii haiwataki watu wa leo wajinyime. Wana haki ya kula, kujenga, kusoma na kutibiwa. Inachokataza ni kuishi kwa kula mbegu.

Kwa sababu hiyo, wataalamu huyaeleza maendeleo endelevu kwa nguzo tatu: uchumi, jamii na mazingira. Kiwanda kinacholeta ajira lakini kikachafua mto wanaounywa wanakijiji kimeziangusha nguzo mbili ili kuisimamisha moja. Vilevile, msitu unaolindwa huku majirani wake wakilala njaa hauwezi kulindika kwa muda mrefu.

Mfano wa Gazi

Tuchukue mfano wa Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale. Tangu jadi, wakazi wa Pwani wameitegemea mikoko kwa fito, pau, boriti na nguzo za nyumba, pamoja na kuni. Mizizi yake ni mazalio ya samaki, kaa na kamba, na miti yenyewe huukinga ufuo dhidi ya mawimbi.

Katika miaka ya 1970, mikoko mingi ya Gazi ilikatwa kwa ajili ya kuni za viwandani. Sehemu zilizokatwa zilibaki tope tupu, na kwingine miti haikuota tena yenyewe. Ilibidi watafiti na wanakijiji waanze kuipanda upya kwa mikono mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mnamo 2013, wakazi wa Gazi na Makongeni, wakishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) na washirika wengine, walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja katika eneo la hekta 117. Mikoko hufyonza hewa ya kaboni na kuihifadhi kwa wingi, hasa katika tope lililo chini yake. Mradi huo huuza vyeti vya kaboni iliyohifadhiwa, na mapato yake yamesaidia kuleta maji, kununua vitabu vya wanafunzi na kugharimia ulinzi wa msitu wenyewe.

Jambo muhimu zaidi ni kwamba waanzilishi hawakuishia kusema "msikate". Mama anayetafuta kuni za kupikia jioni hawezi kungoja faida ya miaka 20 ijayo. Ndiyo maana mradi huo ulipanda pia mivinje, ambayo hukua haraka, ili watu wapate kuni na nguzo kwingine. Mwaka 2017, Mikoko Pamoja ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta, inayotolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP).

Umuhimu

Kwanza, maendeleo endelevu huokoa gharama. Kuutunza msitu uliosimama ni rahisi kuliko kuurejesha uliokwisha kukatwa.

Pili, huwakinga wanyonge. Samaki wakipungua, mwenye fedha hununua nyama. Mvuvi wa ngalawa hana pa kukimbilia.

Tatu, ni suala la haki. Katiba ya Kenya ya 2010 inayataja maendeleo endelevu miongoni mwa maadili ya taifa katika Kifungu cha 10. Kifungu cha 42 nacho kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, yatunzwe kwa manufaa ya vizazi vya sasa na vijavyo. Aidha, mwaka 2015 mataifa wanachama wa Umoja wa Mataifa yalikubaliana kuhusu malengo 17 ya kutimizwa kufikia 2030, likiwemo la kukomesha umaskini.

Basi mradi unapoletwa kijijini, uwe barabara, kiwanda au machimbo, wananchi wana haki ya kuuliza: Nani atafaidika? Nani atabeba hasara? Na rasilimali hii itakuwa katika hali gani watoto wetu watakapoirithi? Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika suala hili, baadhi ya "wa kwao" hao hata hawajazaliwa, wala hawana wa kuwasemea ila sisi.