Meli zilizoanzia kwenye ubao mdogo

Katika karne ya 19, waunda meli wengi wa pwani ya mashariki ya Marekani hawakukata gogo hata moja kabla ya kuchonga mfano. Fundi alichukua patasi na randa, akachonga nusu ya kiunzi kutoka omo hadi tezi, kidogo kiasi cha kubebwa kwapani. Nusu ilitosha, kwa kuwa ubavu mmoja wa meli hulingana na wa pili.

Awali mfano ulichongwa kwa kipande kimoja cha mti. Shida ilikuwa vipimo: ili kujua upana wa meli katika kila sehemu, ilibidi mfano wenyewe ukatwe kwa msumeno. Dawa ya shida hiyo hutajwa kuwa ya Orlando Merrill, fundi wa Newburyport, Massachusetts, mwaka 1794. Alipanga mbao nyembamba moja juu ya nyingine, akazifunga pamoja, ndipo akachonga. Kazi ilipokwisha, alizitenganisha. Ukingo wa kila ubao ulionyesha umbo la meli katika kina chake.

Kingo hizo zilichorwa kwenye karatasi, kisha vipimo vikakuzwa. Mara nyingi robo inchi ya mfano ilisimama badala ya futi 1 ya meli, yaani mara 48. Mistari ikachorwa upya kwa ukubwa kamili kwenye sakafu ya ukumbi mpana, na kutoka hapo vikapatikana vigezo vya kukatia mataruma. Kosa la milimita 1 kwenye mfano lilikuwa karibu sentimita 5 kwenye meli, ndiyo maana fundi aliupapasa ubavu tena na tena kabla ya kuridhika.

Faida kubwa zaidi ilikuwa kwa watu. Mwenye mali, nahodha na fundi waliweza kuuzunguka mfano na kubishana juu ya tumbo la meli au wembamba wa omo, hata kama mmoja wao hakujua kusoma mchoro.

Huko Bristol, Rhode Island, ndugu wawili wa ukoo wa Herreshoff walianzisha kiwanda chao cha kuunda vyombo mwaka 1878. Nathanael alisanifu kwa kuchonga; John, aliyepofuka akiwa kijana, aliikagua mifano kwa vidole. Vyombo vya Nathanael vililitetea Kombe la America, shindano la mashua za matanga, mara 6 kati ya 1893 na 1920.

Leo kompyuta hupiga hesabu hizo kwa dakika chache, na ni msaada mkubwa. Lakini mkono hutambua upesi mahali ambapo ubavu umebonyea au umevimba, na ujuzi huo haupatikani kwa kutazama tu. Kila chuo kinachofundisha uundaji wa vyombo kimpe mwanafunzi mbao na patasi kwanza, achonge kiunzi kizima kwa mikono yake, ndipo afungue kompyuta.