Stonehenge: vijiji vilivyobebeshwa magari

Septemba 1915, katika mnada mjini Salisbury, wakili Cecil Chubb alinunua mawe ya Stonehenge kwa paundi 6,600. Alikuwa mzaliwa wa Shrewton, kijiji kilicho kilomita chache tu kutoka kwenye mawe hayo. Mwaka 1918 aliyakabidhi kwa taifa, akaweka sharti kwamba kiingilio kisizidi shilingi moja. Nadhani asingefurahi kuona jinsi mpango wa kuyaokoa mawe yale ulivyokuja kukibebesha kijiji chake magari.

Mawe makubwa ya Stonehenge, mengi yakiwa na uzito wa tani zaidi ya 20, yalisimamishwa yapata mwaka 2500 kabla ya Kristo. Barabara zilikuja baadaye sana, zikayabana pande mbili. Kaskazini ilipita A344, karibu kabisa na mawe, ikiikata njia ya kale ambayo watu wa zama zile waliitumia kulifikia duara. Kusini, kiasi cha mita 165, inapita A303 itokayo upande wa London kuelekea kusini-magharibi mwa Uingereza. Hapo ina njia moja tu kila upande, na msimu wa likizo foleni yake haisogei.

Mwaka 1968 yalijengwa maegesho na njia ya kupita chini ya A344. Baada ya miaka 25, kamati ya Bunge inayokagua hesabu za serikali ilisema namna wageni wanavyopokelewa pale ni aibu ya taifa. Ilikuwa kweli. Eneo lililoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1986 halikustahili vibanda vya wageni wala ngurumo ya malori.

Ukaja mpango wa pande mbili: A303 izikwe kwenye handaki la kilomita 2.1, na kituo kipya cha wageni kijengwe karibu na mji wa Amesbury. Ruhusa ya kituo ilifungamanishwa na handaki. Gharama za handaki zilipopanda hadi paundi milioni 540, Desemba 2007 serikali ikaliacha, na kituo nacho kikaanguka.

Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Mpango uliofuata ulikiweka kituo Airman's Corner, kama kilomita mbili na nusu magharibi mwa mawe, na ukataka kipande cha A344 kifungwe huku A303 ikibaki kama ilivyo. Wenyeji walilipinga hilo, na sababu yao haikuhitaji mhandisi kuieleza. Dereva aliyekwama A303 hutafuta njia ya panya. Ukimfungia A344, atakatiza vijiji kama Shrewton au Larkhill, mbele ya milango ya watu. Waliosema hivyo hawakuwa maadui wa historia. Mawe yale wanaishi nayo. Hata hivyo kibali kilitolewa mwaka 2010. Kipande hicho cha A344 kikafungwa Juni 2013 na lami iliyokuwa karibu na mawe ikageuzwa nyasi. Desemba mwaka huo kituo kikafunguliwa, kazi ya takriban paundi milioni 27.

Kwa mgeni, mabadiliko yalikuwa mazuri mno, na sitalikana hilo. Lakini nusu ya mpango ilitekelezwa na nusu nyingine ikaachwa, na walioachiwa pengo ni wanavijiji.

Handaki liliporudi mezani mwaka 2014, safari hii refu zaidi, wenyeji wenyewe waligawanyika. Wengi waliochoshwa na magari walilitaka haraka. Wengine walisimama na wanaakiolojia, kwa kuwa mdomo wake wa magharibi ungechimbwa ndani ya eneo la urithi, na ujenzi ungeweza kubadilisha maji ya Blick Mead, chemchemi iliyo karibu na Amesbury ambako matope yametunza mifupa na zana za wawindaji wa kale. Waziri aliidhinisha mwaka 2020 kinyume na ushauri wa wakaguzi wake. Mahakama Kuu ikabatilisha mwaka 2021. Idhini ikatolewa upya mwaka 2023, na Julai 2024 serikali mpya ikafuta mradi kwa kukosa fedha.

Sikulililia handaki lile. Mdomo wake ungeacha kovu lisilofutika. Ila Shrewton haipaswi kusubiri mradi mwingine wa mabilioni. Kuzuia malori makubwa yasiyo na shughuli kijijini na kupunguza mwendo wa magari ni mambo yasiyogusa hata jiwe moja, na yangepaswa kupangwa siku ileile A344 ilipofungwa.