Historia ya Ardhi na Sisi Akina Mama



Kamati ilipokaa kugawana kazi za kijitabu hiki cha miaka 10, mimi nilitwishwa historia ya ardhi. Nilikataa kwanza, maana elimu yangu ni ya darasa la saba. Wenzangu wakasema, Mama Mwenyekiti, wewe ndiye ulishika futi siku ile. Haya basi, naandika. Siku ile nitaifikia.

Mama zetu walilima ardhi ya watu wawili: ukoo na serikali. Nianze na ukoo. Kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilisema mwanamke aweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila asiiuze. Mwanamume aliruhusiwa. Mwaka 1988 mama mmoja wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia aliliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akaenda mahakamani, ati mwanamke hauzi. Mahakama ya mwanzo ikamkubalia huyo mpwa, ya wilaya ikakataa, kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni ile ni ya ubaguzi na Katiba haiikubali. Wanasheria wanaiita kesi ya Ephrahim na Pastory. Mimi naona kila binti angesimuliwa kabla hajaolewa.

Sasa serikali. Mjerumani mwaka 1895 alitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Kaisari, na mwenyeji ndiye alitakiwa kuthibitisha kuwa ni yake. Angethibitisha na nini, migomba? Mwingereza mwaka 1923 akaiweka chini ya Gavana. Baada ya Uhuru ikawa chini ya Rais kwa niaba yetu wote, na hapo ndipo ilipo mpaka leo. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 ilimpa Rais uwezo wa kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma. Aliyejenga au kupanda alilipwa alichojenga na alichopanda. Uwanja mtupu haukulipwa kitu.

Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, mama yangu alihamishwa nikiwa mgongoni. Aliacha nyumba na mihogo shambani. Hakuona senti, na mpaka anazeeka alikuwa akipita pale akitutajia miti yake mmoja mmoja.

Watu wengine hawakunyamaza. Baba mmoja na mwanawe, wa Mkoa wa Arusha, walifungua kesi mwaka 1987 wakidai shamba lao la kimila lililochukuliwa wakati wa vijiji. Kesi ikiwa bado ina moto, ikatungwa sheria mwaka 1992 ya kufuta haki za namna hiyo, tena bila fidia. Jamani! Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ikasema haki ya kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na mtu aliyetolea ardhi jasho lake anastahili fidia ya haki hata kama hakuna jengo wala zao juu yake. Jasho, akina mama. Nani analo kutuzidi?

Sheria za Ardhi za 1999, zilizoanza kutumika 2001, zilifuata humo humo. Zinasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Fidia nayo inahesabiwa kwa thamani ya soko, pamoja na usumbufu, faida iliyopotea, pango la miezi 36, na usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. (Sijui nani kati yetu ana tani 12.)

Lakini kuna ardhi ambayo ukiinunua unakuwa umenunua kesi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Uliyekuwa ndani ya zile 22.5 ulichorewa X nyekundu, unahesabiwa mvamizi, huna fidia. Uliyekutwa kati ya 22.5 na 30 ulichorewa X ya kijani, yaani eneo likihitajika unalipwa. Mwenzetu mmoja alijenga vyumba viwili kwa mkopo wa kikundi, akachorewa nyekundu. Muuzaji alikwisha hama. Mkopo aliumaliza kwa kuuza maandazi miaka miwili, na hakukosa kikao hata kimoja.

Ndiyo maana tulipotaka kununua kiwanja cha kikundi, dalali akituapia kwa Mungu kwamba ni safi, tulikwenda watu sita na futi ya fundi. Magari yakitupigia honi, mimi nimeinama katikati ya lami nimeshika ncha, wenzangu wanavuta. Mita 30 zikaishia ndani ya kiwanja, zimekula zaidi ya nusu. Dalali akasema hesabu za wanawake hizo. Tukampa futi apime mwenyewe, akaondoka.

Tulinunua cha nyuma, kidogo zaidi, kwa jina la kikundi. Karatasi ziko kwenye kasha la kufuli tatu pamoja na hisa zetu.