Kadi Inayopelekwa kwa Mkono: Mwaliko wa Mtoto Karagwe na Kyerwa

Anayetaka kuandika historia ya kadi za mwaliko zinazotengenezwa kwa mkono kwa ajili ya sherehe za kuzaliwa za watoto wadogo Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za mkoa wa Kagera, Tanzania, hukatishwa tamaa mapema. Huambiwa kwamba bethidei ni jambo la juzi, limeletwa pamoja na keki na mishumaa, na kwamba kipande cha manila kilichopakwa rangi na mtoto wa darasa la awali ni mwigo wa kadi ya dukani, wa mzazi ambaye mfuko haukumruhusu kununua ile yenyewe. Sehemu ya hoja hiyo ni kweli. Lakini hata kadi ya dukani si ya kale: kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapishwa kwa ajili ya kuuzwa ilitoka London mwaka 1843, miaka 18 tu kabla ya Wazungu wa kwanza kufika Bweranyange, makao ya Rumanyika, Omukama (mfalme) wa Karagwe. Ninachodai ni kwamba kadi ya mtoto wa Kayanga au Nkwenda ina asili mbili. Ya kwanza ni tarehe, ambayo ililetwa na karatasi. Ya pili ni mjumbe, na huyo alikuwapo Karagwe kabla ya karatasi yoyote. Wanaoidharau kadi hii huitazama asili ya kwanza peke yake.

Tuanze na mjumbe. Mwishoni mwa mwaka 1861, Wazungu hao wa kwanza, wapelelezi John Hanning Speke na James Grant, walipoingia Karagwe walikutana na mtu aliyetumwa na Rumanyika awafikishe makao makuu. Waliambiwa kwamba vijiji vya njiani vimeagizwa kuwalisha kwa gharama ya mfalme, kwa kuwa Karagwe haikutoza wageni ushuru. Speke aliyaandika hayo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863. Tukio hilo huhesabiwa kuwa habari ya siasa ya ufalme, na ndivyo lilivyo, ila linaeleza pia mwaliko ulivyofanya kazi: ulikuja na miguu na mdomo, ukabeba ahadi ya chakula, na heshima ya aliyealika ikategemea mwenendo wa aliyetumwa. Desturi ya pili ni ya kahawa ya kutafuna, ambayo Wahaya wa mkoa huu huiita akamwani. Matunda ya kahawa huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, kisha mgeni hupewa mkononi. Waliofunga udugu wa damu waligawana buni mbili za tunda moja. Mtu anaweza kupinga kwamba kahawa hiyo ni ya watu wazima, tena hutolewa mgeni akishafika, kwa hiyo haihusiani na kadi ya mtoto. Nakubali kwamba si mwaliko. Ushahidi wake uko kwingine: unatuonyesha kuwa katika nchi hii ukarimu hukamilika kwa kitu kidogo kilichoandaliwa na mikono ya wenye nyumba, kikatoka mkono wao kuingia mkono wa mwingine. Kitu hicho kikinunuliwa tayari, sehemu ya maana yake inapungua.

Tarehe ina safari nyingine kabisa. Majina ya huku yalihifadhi habari za kuzaliwa bila kuhitaji kalenda. Pacha wa kiume wakaitwa Ishengoma na Kato, anayewafuata akaitwa Kaiza, na kila aliyesikia alijua mpangilio wa watoto katika nyumba ile. Majina mengine yalitunza hali ya familia mtoto alipozaliwa, iwe msiba au shukrani. Kumbukumbu hiyo ilikuwa kamili kwa matumizi yake, lakini haikuweza kuzaa sherehe inayorudi siku ileile kila mwaka. Siku ya mwezi iliingia kwa njia ya vitabu vya ubatizo, baada ya Mapadri Weupe wa Kikatoliki kufika Kashozi mwaka 1892 na wamisionari wa Kilutheri wa Betheli kuja Bukoba mwaka 1910. Serikali ilifuata polepole sana. Utafiti wa afya wa mwaka 2010 ulikuta kuwa Tanzania, kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, karibu 16 tu ndio waliosajiliwa kuzaliwa kwao. Kwa familia nyingi, basi, hati ya kwanza ya tarehe haikuwa cheti, ilikuwa kadi ya kliniki, ile inayoandikwa uzito na chanjo. Kadi ya mwaliko imejengwa juu ya kadi hiyo. Mzazi asiye na hakika ya siku hawezi kualika kwa ajili ya siku, na kwa sababu hiyo wanaosema bethidei ni ngeni wako sahihi kuhusu tarehe. Wanakosea wanapodhani kwamba tarehe ngeni hufanya kila kinachoizunguka kiwe kigeni.

Ustadi wenyewe una historia iliyo karibu nasi, na hapa napenda kukaa kidogo. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliitaka shule ifundishe mikono pamoja na kichwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliipa elimu ya awali nafasi rasmi, na ile ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Darasa la awali ndipo watoto wengi wa vijijini wanapokutana na mkasi, gundi na kalamu za rangi. Karatasi yenyewe haikuwa nyingi siku zote: kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilianza uzalishaji mwaka 1985, katika miaka ambayo hata madaftari yalikuwa adimu. Kubana matumizi kwa ubunifu, kama kukata ubavu wa boksi au kugeuza upande usioandikwa, ni elimu ya kipindi hicho, na haifai kuiita umaskini tu. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya kaki ya madukani iliongeza malighafi. Kisha kuna mgomba. Ganda kavu la mgomba lina rangi za kahawia zinazotofautiana kutoka tabaka hadi tabaka, hupasuka kwa mstari ulionyooka, na likilowanishwa kidogo hukunjika bila kuvunjika. Watoto wa kibanjani, yaani shamba la migomba la nyumbani, hulijua kabla ya shule, kwa kuwa hulifungia mipira yao. Linapobandikwa kwenye manila likawa nyumba, ng'ombe au tarakimu ya umri, mtoto anatumia ujuzi aliokwenda nao darasani. Tahadhari moja inastahili kutajwa: tangu mnyauko wa migomba ulipothibitishwa Kagera mwaka 2006, panga linalotoka shina hadi shina limekuwa hatari ya kueneza ugonjwa huo, kwa hiyo maganda yabanduliwe kwa mkono kutoka mgomba wenye afya. Ng'ambo ya mto Kagera, Uganda, utengenezaji wa nguo za magome ya mti wa mutuba ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, na leo gome hilo huonekana kwenye kadi na vifuniko vya vitabu. Ganda la mgomba halijapata heshima hiyo, na sioni sababu ya haki.

Pingamizi lililo zito ni kwamba jambo hili ni la wachache: watoto wa walimu, wauguzi na wafanyabiashara wa miji midogo, huku kwa mkulima siku ya kuzaliwa ikipita kama siku nyingine. Ni kweli, na historia haipaswi kulificha. Hata hivyo udogo wa kundi haufuti thamani ya ushahidi. Kadi ya mkono ndiyo aina ya mwaliko ambayo mkulima anaweza kuiiga bila kuingia deni, tofauti na sherehe zetu kubwa ambako kadi hutanguliwa na mchango. Wengine husema simu imeshamaliza mjadala, kwa kuwa picha moja ya WhatsApp huwafikia wazazi wote kwa dakika. Huwafikia wazazi. Mtoto wa miaka mitano hana simu, na mwaliko wa picha hupita juu ya kichwa chake, kutoka mama hadi mama, yeye akabaki kuwa sababu ya sherehe bila kuwa mwalikaji. Nyumba za Karagwe na Kyerwa zimejificha ndani ya migomba, barua zilizoea kuishia kwenye sanduku la posta la mjini, na namba za nyumba zilikuja kwa wingi na operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Katika mazingira hayo kadi hufika kwa sababu mtoto ameibeba kwenye begi la shule akaikabidhi kwa mwenzake, wakati mwingine na maelezo ya njia ambayo hakuna aliyeyaandika.

Vitu hivi havidumu. Gundi huachia, rangi hufifia, na kadi yenye jina la mtoto huishia jikoni kuwashia moto. Ndiyo maana walimu wa awali wana nafasi ambayo makumbusho hayana: kila mmoja angeweza kutunza kadi chache za kila mwaka, akaandika nyuma yake kijiji, mwaka, umri wa aliyetengeneza na vifaa alivyotumia, bila jina la mtoto. Kwa kuwa Kyerwa ilijitenga na Karagwe mwaka 2012, mkusanyiko wa namna hiyo ungetuwezesha kuona kama watoto wa Kaisho na Murongo, walio karibu na mpaka, huchagua vifaa tofauti na wenzao wa Nyaishozi.